Sifuri Iliyokimbilia Mbele

Kuna namba mbili nilizokuwa nazijua kuliko namba ya simu ya mke wangu: 5736 na 499. Ukitaka kupanga wanafunzi 2000 mstari mmoja, idadi ya namna za kuwapanga ni namba yenye tarakimu 5736, na mkiani mwake kuna sifuri 499 zimeunganika kama mabehewa pale stesheni ya Kigoma, reli inapoishia.

Mimi ni fundi simu, Mwanga ya hapa Kigoma. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza mwenyewe kwa bando la usiku, baada ya kufunga kibanda. Mke wangu aliposikia jina, ambalo kwa Kiingereza ni chatu, aliuliza huyo chatu anakula nini. Nikamweleza kwamba Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, hakuwa na habari ya nyoka. Jina alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Akasema, "Ahaa, basi mmekutana."

Septemba 2022 sekondari moja hapa mjini, siitaji, ikaandaa siku ya hisabati. Mwalimu wa hesabu ni mteja wangu wa vioo vya simu, akaniomba nije kuwaonyesha watoto maajabu ya kompyuta. Nikaandika programu ya mistari mitatu: zidisha 1 kwa 2 kwa 3 mpaka 1500, maana ndivyo zinavyopatikana namna za kupanga watu 1500 mstari mmoja, toa jibu, litupe ukutani kwa projekta. Mkuu wa shule alipoiona akakunja uso.

"Elfu moja mia tano? Shule yangu ina wanafunzi elfu mbili, fundi. Hao mia tano umewafukuza wewe?"

Nikaifanya 2000. Nikaijaribu mara tatu, ikakubali mara tatu.

Mwenye akili zake angelala hapo. Mimi usiku ule nikaona toleo jipya limetoka, 3.10.7, na langu lilikuwa 3.10.6. Ikipanda ile namba ya mwisho tu, watu wa Python wanamaanisha ni matengenezo: wameziba nyufa, hawajajenga chumba kipya. Ni fundi amekuja kukaza bawaba za mlango, basi. Na bando langu lilikuwa linaisha alfajiri, na bando kufa bila kutumika huniuma kuliko jino. Nikashusha, nikaweka, nikalala. Kujaribu tena sikujaribu. Mlango si ni uleule?

Kesho yake ukumbi ulitapika watu. Mstari wa mbele walikaa wajumbe wa bodi ya shule, na katikati yao mzee mmoja wa baraghashia, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Chini ya projekta kabisa alikaa binti wa Kidato cha Pili, daftari mapajani, rula mkononi. Ile rula ingenitosha kuwa onyo.

Nikajimwaga. Nikasema namba mtakayoiona leo hamjawahi kuiona, ina tarakimu 5736, na mwishoni zipo sifuri 499. "Mkizihesabu zikapungua hata moja," nikasema, na hapa ulimi ulikuwa unakimbia peke yake, "soda juu yangu!"

Makofi. Nikabonyeza.

Ukutani ikatokea mistari mitatu minne ya Kiingereza. Kwa ufupi ilikuwa inasema: namba hii imepita kikomo cha tarakimu 4300, siiandiki.

Nikabonyeza tena. Nikazima programu nikaiwasha, kama redio ya mkulima. Jasho likaanza kunitambaa mgongoni. Yule mzee akainua mkono.

"Mwanangu, imehesabu au haijahesabu?"

"Imehesabu, mzee wangu."

"Jibu inalijua?"

Nikaiuliza jibu lake linagawanyika kwa 7? Ikajibu papo hapo, baki ni 0. Nikasema, "Inalijua."

"Ila haisemi."

"Haisemi, mzee."

Akawageukia wenzake. "Shahidi wa namna hii nilimwona mahakamani, kesi ya nyavu zangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi kwa kupagawa nikakumbuka kitu kimoja tu: kuandika namba kwa msingi wa kumi na sita, kama zile namba za rangi za kwenye kompyuta. Nikajaribu. Ikakubali! Ukuta mzima ukajaa. Nikashusha pumzi, nikageukia watu nikitabasamu kama bwana harusi.

"Mwalimu," yule binti akasema, "mbona namba ina b?"

"Hiyo b ni kumi na moja."

"Si ungeandika kumi na moja?"

Nikamwambia tutafika huko. Hatukufika, maana binti alishasimama, akasogea ukutani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza wenye sifuri. Alihesabu kwa kunong'ona, kidole kinaruka kama kuku anayedonoa. Wenzake wawili wakamfuata, kila mmoja na hesabu yake. Projekta ilikuwa inawapaka sifuri usoni. Mimi nilitulia kabisa. Sifuri si ni sifuri?

"Mia nne tisini na nane," akasema.

"Rudia."

Wakarudia wote watatu. 498. 498. 498.

Mzee wa dagaa akavua miwani. "Mimi nikipakia magunia mia nne tisini na tisa, yakafika mia nne tisini na nane, najua kuna mtu kashuka nalo njiani. Mkuu, hata sifuri siku hizi zinaliwa?"

Watoto wa nyuma wakaanza kuimba, "Soda! Soda!" Ukumbi mzima. Nikapiga hesabu ya kreti kichwani. Ile niliipata bila Python. Ndipo mvulana mmoja mwembamba akapaza sauti kutoka dirishani: "Ile paleee! Mwanzoni!"

Kweli. Python ikiandika kwa msingi wa kumi na sita huanza na sifuri na herufi x, ili ujue ni msingi gani. Sifuri ile ilikuwa imesimama peke yake juu kabisa kushoto, imejibanza pembeni ya x.

"Imekimbilia mbele," mzee akatoa hukumu. "498 na moja, 499. Mzigo umetimia."

Makofi, vigelegele, nikapewa mkono na mkuu wa shule. Sikusahihisha neno. Nitasahihishaje kreti?

Usiku niliongeza bando nikasoma. Kumbe fundi wa bawaba alikuwa ameacha na kufuli. Kompyuta huweka namba kwa msingi wa mbili. Kuigeuza iwe ya kumi ni kibarua, na kwa njia iliyokuwa ikitumika urefu ukiwa mara mbili kazi inakuwa mara nne. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuipelekea seva, kompyuta inayohudumia watu wengi, lundo la tarakimu, ikazama humo isiwahudumie wengine. Kasoro ilikuwa na namba kabisa kwenye orodha ya kasoro za usalama, CVE-2020-10735, na Septemba ile waliiziba kwa mkupuo: 3.10.7, 3.9.14, 3.8.14, 3.7.14. Kumi na sita haikuguswa kwa kuwa ni mbili nne zilizozidishana tu, haina kibarua. Na lile la 1500 nililoanza nalo lina tarakimu 4115. Lingepita kwenye mlango huohuo bila kubisha. Mkuu na watoto wake mia tano!

Sifuri iliyopungua nayo niliipata. Za msingi wa kumi huletwa na tano zilizomo ndani ya ile namba, nazo ni 499. Za kumi na sita huletwa na mbili, kila mbili nne zinazaa sifuri moja. Mbili zimo 1994, zinazaa 498, mbili mbili zinabaki hazina mwenza. Na dawa ya kufuli ni amri moja, sys.set_int_max_str_digits, unaipa sifuri. Sifuri! Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama chatu ameshiba.

Ila siku ileile, tukiwa tunatoka ukumbini, yule binti alinifuata getini. "Mwalimu, ya mwanzoni haiwezi kuwa ya mwishoni." Nikaangalia kushoto na kulia, nikamnunulia Fanta kimyakimya.

Wiki iliyofuata nikampelekea karatasi, namba nzima ya tarakimu 5736, ya kumi, haina b wala x. Akatoa rula. Akahesabu mara mbili. 499.

"Basi ulikuwa sahihi, mwalimu."

"Eeh. Na soda yangu?"

Akakunja karatasi, akaitia kwenye daftari. "Nilishainywa."