Wenye "data are" hawajidai

Katika Kiingereza cha leo, anayeandika "the data are" badala ya "the data is" huonekana anajikweza kwa Kilatini. Mwongozo wa uandishi wa gazeti la Guardian unataka kitenzi cha umoja. Ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani umeshikilia wingi.

Wenye umoja wana hoja. Ni kweli data ni wingi wa neno la Kilatini datum, yaani kitu kilichotolewa, lakini neno likishahama kwao hufuata sheria za mwenyeji. Agenda nayo ilikuwa wingi, "mambo ya kutendwa", na hakuna Mwingereza anayesema "the agenda are". Hata wapima ardhi, ambao datum bado wanayo kwa maana ya msingi wa kupimia (ule uitwao Arc 1960 umebeba ramani nyingi za Kenya na Tanzania), wingi wake huuita datums. Tena watu huuliza data ni kiasi gani, hawaulizi ni ngapi. Kisichohesabika, wanasema, kipewe umoja.

Hapo ndipo ninapokwama, na msemaji yeyote wa Kiswahili atakwama nami. Maji hayahesabiki, wala maziwa, wala mafuta, na bado tunasema maji yamemwagika, kwa upatanisho uleule wa mayai yamevunjika. Hatujawahi kuona tabu. Kutohesabika hakulazimishi umoja. Hiyo ni desturi tu.

Na watetezi wa wingi hawalilii Kilatini kama wanavyosingiziwa. Chukua daftari la kliniki lenye uzito wa watoto 40. Kila namba ni mtoto mmoja aliyening'inizwa kwenye mizani, akalia, muuguzi akasoma mshale. Mmoja mwenye kilo 6 akiandikwa 9, wastani wa wote unapanda gramu 75, na hakuna aliyenenepa. Gramu 75 hizo hazitafutwi kwenye rundo. Zinatafutwa mstari kwa mstari, hadi umfikie mtoto yule. Umoja hulifunga rundo kama gunia. Wingi huacha kinywa cha gunia wazi. Sisi neno hatuligusi kabisa: "data hii inaonyesha", "data hizi zinaonyesha", na msikilizaji anajua unatazama gunia au punje.

Kwa bando la simu, umoja unatosha: data imeisha. Kwenye jedwali la vipimo ninataka kitenzi kinachokumbuka kwamba waliopanda mizani walikuwa 40.