Jirani anataka poti zangu na mimi siuzi

Jirani wa floo ya pili anapeleka mahari Desemba na amesikia (nashuku ni bibi yangu alimwambia) ati niko na poti ya vinteji ya 2017 mahali. Juzi tumekutana kwa ngazi nikiwa nimebeba mtungi wa gesi, hata hajaningoja niweke chini, "Bosi, niuzie zote, 12,000 kila moja, pesa mkononi." Ziko 5. Hiyo ni 60,000 na Januari na karo yake ndio hiyo inakuja, kwa hivyo wacha nisijifanye, usiku huo nililala nikipiga hesabu.

Kama hujawahi kukutana nayo, poti ni waini ya Ureno, inatoka bonde la mto Douro, na utamu wake unatokana na kwamba zabibu zikiwa bado zinachacha wanamwagia pombe kali ndani, hamira inakufa sukari ikiwa bado iko, unabaki na kitu cha asilimia 20 hivi. Vinteji, yaani ile ya zabibu za mwaka mmoja tu, ndio yenyewe. Haitolewi kila mwaka, kampuni hungoja mwaka mzuri ndio zitangaze, kwa kawaida kama mara tatu hivi katika miaka kumi, ndio maana 2016 na 2017 kutangazwa zikifuatana ilikuwa habari. Inakaa kwa mapipa miaka miwili hivi, inatiwa kwa chupa bila kuchujwa, na kuanzia hapo kazi yote inafanyika humo humo kwa chupa gizani, miaka 15, 20, kuna zingine zinafika 50 na bado ziko sawa.

Sisi huku pombe zetu hazina hiyo subira. Mnazi wa asubuhi jioni ni mwingine kabisa, ukiulaza sana unapata siki. Kwa hivyo hata mimi shemeji yangu anayeishi Uingereza aliponiletea chupa 6 nilidhani ananitania aliponiambia nisiguse mpaka msichana wangu awe mtu mzima. Kumbe huko ni desturi ya zamani, mtoto akizaliwa unamwekea poti ya mwaka wake, na wangu ni wa 2017. Atafikisha 18 mwaka 2035, na wakipandisha umri wa kunywa ufike 21 kama ile sera ya Kenya ya 2025 ilivyopendekeza basi ni 2038, chupa haina shida, itangoja.

Lakini mimi si malaika, moja niliifungua Krismasi ya 2020. Ilikuwa nyeusi, yaani nyeusi ya zambarau, imeshika glasi haitaki kushuka. Na ladha ni kama umekula zambarau mbili mbili kwa mkupuo, kwanza sukari, halafu ulimi unakauka wote unaanza kuusugua kwa meno. Mama alionja akauliza, "Hii si ile ya Meza ya Bwana?" Nikamwambia hapana mama. Akasema basi nimwongeze kidogo ahakikishe.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Ikiwa changa kabisa poti inanyweka, ni fujo lakini ni fujo tamu. Halafu ikiendelea kukaa inafika mahali inanuna. Tunda limepotea, ukali umebaki, unafungua unashangaa ulilipia nini, na kununa huko si kwa wiki mbili, ni miaka. Za 2017 ndio hizi zinaingia hapo sasa. Kwa hivyo jirani angezifungua mbele ya wakwe Desemba, joto la mchana, karibu na mbuzi choma, wazee wa watu wakunje uso, na lawama ingerudi floo yangu.

Sasa hii mambo ya kuuza. Kila mtu Nairobi akisikia kitu kinakaa miaka 20 anafikiria ploti. Poti si ploti ya Kitengela. Wanaocheza na waini kama biashara hukimbilia zile za Ufaransa, Bordeaux na Burgundy, huku kwa poti mara nyingi unaweza kupata chupa ambayo mtu mwingine amekulazia miaka 20 na bei isiachane sana na ile changa, maana yake huyo mtu alikuwekea karibu bure. Na hata bei ingepanda, mnunuzi wa maana swali lake la kwanza ni chupa imelala wapi. Zile zilizokaa Uingereza tangu mwanzo, kwa ghala linalosimamiwa na watu wa ushuru, ziko na karatasi. Zangu zimepanda ndege kwa sanduku la nguo na kukaa chini ya kitanda Donholm. Halafu tena kuuza pombe hapa bila leseni ni makosa kwa ile sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, sitaki kuanza kesi kwa ajili ya chupa 5.

Chini ya kitanda ndio kosa langu kubwa, hiyo nakubali. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka baharini, Julai nyumba ni baridi mpaka unavaa soksi kitandani, unadhani uko salama. Lakini mimi niko floo ya mwisho, juu yangu ni mabati, na Februari hiyo nyumba ni jiko. Poti inataka digrii 12 hadi 15 hivi na zaidi inataka zisipande zikishuka. Mwaka jana nikapapasa shingo za chupa moja moja, moja ikanata kidoleni, kizibo kimesukumwa juu kidogo na waini imepita pembeni. Niliumia.

Siku hiyo hiyo nilizipeleka Limuru kwa mama, kwa stoo ya mawe anapoweka viazi, giza na baridi mwaka mzima. Nimezilaza, na upande wa juu nikazipaka doa la rangi nyeupe ya ukuta, hiyo ni mbinu ya zamani ya Wareno na Waingereza, ndio mtu akizihamisha azirudishe vilevile na yale machicha ya waini yaliyokaa upande mmoja yasivurugike. Mama hataki watu wa kanisa wajue. Amezifunika na gunia.

Kwa hivyo kama huna stoo ya mama ya aina hiyo, na friji ya waini ya kuwasha miaka 15 na stima inavyopotea huku hutaiweza, mimi ningekwambia kunywa yako mapema ikiwa bado ina ile fujo, usisubiri uzee ambao nyumba yako haiwezi kuipa.

Jirani nimemwambia anunue tawni ya miaka 20, hiyo ni poti pia lakini imezeekea kwa mapipa huko huko Ureno, inakuja tayari, unafungua unamimina, wakwe wanafurahi. Amekasirika kidogo. Nikamwambia pia ile moja iliyovuja haifiki 2035, Jumamosi naitoa Limuru nikiishika kama mtoto, naisimamisha wima wiki moja machicha yashuke, halafu aje na kitambaa safi cha kuchujia. Ameniuliza kama na hiyo nitamlipisha.