Msaidizi Asiyekwama

Waandika programu ni watu wa kubishania vifaa. Seremala wa Mwanjelwa mpe randa yoyote yenye makali, ataranda. Mwandika programu mpe edita asiyoizoea, yaani programu ya kuandikia msimbo, yale maagizo ya kompyuta, atakuhutubia mpaka jua lizame. Kwa miongo kadhaa ugomvi mkubwa ulikuwa wa edita mbili, Vim na Emacs. Mimi ni wa Vim, na sababu yangu si ya kitaalamu hata kidogo: ukiifungua bila faili, skrini ya mwanzo inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, aliwahi kujitolea kwenye mradi wa watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, akaamua kwamba anayeipenda programu yake achangie kule. Alifariki Agosti 2023, na ombi bado lipo. Ubaya wa Vim wote tunaujua: kuingia rahisi, kutoka ni mtihani. Mwaka 2017 Stack Overflow, tovuti ambako waandika programu huulizana maswali, walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim limeshatazamwa zaidi ya mara 1,000,000.

Ugomvi huo sasa umepoa. Unaotutoa jasho leo, hata kwenye baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, ni wa akili mnemba: je, mwandika programu amwachie msaidizi huyu amwandikie msimbo, au aandike mwenyewe kama zamani?

Wanaopinga walipata silaha nzuri Julai 2025. METR, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilitoa matokeo ya jaribio la waandika programu 16 wazoefu, kazi 246, kwenye miradi waliyokuwa wakiifahamu vizuri. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia akili mnemba, nyingine wakakatazwa. Waliporuhusiwa walichelewa kwa asilimia 19. Cha kuchekesha ni kwamba walipomaliza, wao wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20 ya muda wao.

Sikushangilia sana. Watu 16 ni wachache, zana zilikuwa za mwanzoni mwa 2025, na mtu anayeijua nyumba yake gizani hahitaji wa kumshika mkono. Anayeingia kwenye mradi wa mtu mwingine huenda akapata hesabu tofauti kabisa. Ninachokichukua pale ni kimoja tu: hisia zetu za kasi hazifai kuwa shahidi. Ukiona msimbo unamiminika kwenye skrini, unajiona unakwenda mbio, hata kama umekaa palepale.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea akili mnemba, kwa sababu hoja yao nzito hupitwa haraka na wakubwa wa fani. Mchukue kijana wa mwaka wa kwanza pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, amekaa bwenini Iyunga na kompyuta ya mkononi aliyoinunua mtumba. Zana za kuandikia programu ni hivi: maelezo ya Python ni ya Kiingereza, ya Flutter ni ya Kiingereza, ya Laravel hivyohivyo. Zamani akikwama alikuwa na njia mbili: kumsubiri mtu anayejua, au kwenda Stack Overflow akaambiwa swali lake lilishaulizwa miaka mingi iliyopita, kisha likafungwa mbele ya macho yake. Leo anauliza saa sita usiku, kwa Kiswahili chetu chenye Kiingereza katikati, na anajibiwa bila kununiwa. Anauliza tena lilelile kwa namna nyingine, anajibiwa tena. Hakuna mwalimu, hata mpole wa namna gani, anayeweza kufanya hivyo kwa darasa zima. Anayemwambia kijana huyu aachane na akili mnemba ili akue kitaaluma amesahau alivyoteseka mwenyewe, au aliteseka akiwa na kaka wa kumuuliza.

Tena hizi hadithi za kujitegemea tuzipunguze. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa maktaba zake, yaani vipande vya msimbo ambavyo wengine huviazima, kwenye npm, hazina ya mtandaoni ya vipande hivyo, mojawapo ikiitwa left-pad, yenye mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi ikagoma kujengeka dunia nzima. Watu walioshindwa kuandika mistari 11 wenyewe ndio hao leo wanaotuambia kila herufi itoke kichwani.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Dola 10 kwa mwezi, bei ya kawaida ya msaidizi wa kiwango cha chini, ni zaidi ya shilingi 20,000, na bado hujanunua bando. Halafu kuna mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi, na kwa siku kadhaa anayetegemea seva za mbali alibaki akitazama kiduara kinazunguka. Vim haikujua kama kuna kilichotokea. Lakini nikiwa mkweli, hata mteja wangu hakuweza kutumia mfumo niliomtengenezea siku zile, kwa hiyo Vim yangu ilinisaidia kuandika kitu ambacho hakuna aliyeweza kukifungua.

Kinachonitia wasiwasi kiko kwingine. Kijana mmoja alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, akapewa kazi ya mnunuzi wa viazi wa Uyole. Kazi ndogo: magunia yanaingia kutoka Umalila na Isongole, yanapakiwa kwenye fuso kwenda Dar es Salaam, programu ikokotoe uzito na malipo ya kila mkulima. Akamwachia msaidizi aandike, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Skrini safi, vitufe vya kijani, ripoti ya kuchapisha, hata majaribio ya kupima msimbo yalikuwapo na yote yalipita. Nikafungua faili la hesabu nikakuta mstari huu: uzito = magunia * 100.

Aliyewahi kusimama Uyole msimu wa viazi hahitaji kuelezwa. Gunia la kilo 100 ndilo la sheria. Linaloshuka kwenye gari limejazwa hadi likaota kichwa, likafungwa kwa kamba, na kilo za kichwani anazijua aliyefunga na Mungu wake. Lumbesa hiyo inapigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka ipo. Programu ile ingemhesabia mkulima kilo 100 bila kupepesa jicho, na kulihesabu fuso kuwa jepesi kuliko lilivyo. Majaribio yalipita kwa sababu aliyeandika hesabu ndiye aliyeandika majaribio.

Je, kosa ni la akili mnemba? Mwandika programu wa mbali ambaye hajawahi kuliona gunia la Uyole angeandika mstari uleule kwa mkono wake. Na kijana wetu ni wa Tukuyu, lumbesa ameiona tangu utotoni, kwa hiyo hakukosa maarifa. Ila angeandika mwenyewe, angefika kwenye uzito akasimama: hivi gunia moja ni kilo ngapi? Asingekuwa na jibu, na kukosa jibu kungempandisha daladala hadi Uyole. Msaidizi hakwami. Asipojua anaweka kinachoelekea, kwa sauti ileile ya uhakika, na wewe unasonga mbele bila kujua kwamba kuna njia panda umeipita. Kwenye utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2025, asilimia 84 ya waliojibu walikuwa wanatumia zana hizi au wanapanga kuzitumia, na asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wake. Wasioamini wana uzoefu wa kuwatia shaka. Anayeanza, ambaye ndiye anayesaidiwa zaidi, hana.

Basi tukaenda Uyole. Mnunuzi, mzee wa makamo ya kutosha, akasikiliza, akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo jina la lumbesa usiliandike kwenye kompyuta. Watu wa vipimo wakija nitawaambia nini?" Tukamshauri kila gunia lipite kwenye mizani, uzito uingizwe kama ulivyo, mkulima alipwe kwa kilo. Akanung'unika kwamba atapoteza nusu siku kupima, na kwamba wenzake hawapimi. Wakulima wawili waliokuwa wamekaa kwenye magunia yao walikuwa na maoni mengine, na waliyatoa kwa sauti. Kumbe sehemu ngumu ya programu ilikuwa mzee akubali kununua mizani, na hilo lilichukua wiki.

Kurudi ofisini, kijana akamweleza msaidizi badiliko lenyewe. Fomu mpya ya kuingiza uzito wa kila gunia ilikuwa tayari kabla chai haijapoa, na safari hii ilikuwa sahihi. Mimi kwa mkono ningekaa nayo mchana mzima. Kwa hiyo sina hamu ya kujiunga na wanaotaka zana hizi zifungiwe nje ya madarasa na ofisi, wala na wanaosema fani imekwisha, mteja atajiongelea na mashine. Mzee yule akiongea na mashine ataagiza kilo 100 kwa gunia, na mashine itamtii.

Kwa sasa wanaokuja kwetu kwa mafunzo tunawapa kwanza namba ya simu ya mteja. Nywila ya msaidizi wanapata wakisharudi na majibu. Mnunuzi wa viazi ameshalalamika kwamba wanampigia mno, hasa saa za kupakia.