Kaya Moja, Jibu Moja

Jumatano iliyopita, yapata saa nne asubuhi, nikiwa nimeinamia cherehani yangu hapa Mwananyamala nikipunguza kiuno cha suruali ambayo mwenyewe wa kwanza, kwa ninavyoikadiria, alikuwa Mjerumani mwenye kitambi cha kuheshimika, alinijia binti aliyevaa fulana yenye nembo na kushika kishikwambi. Akanisalimu, "Shikamoo, mzee," nikaitikia marahaba kwa pembe ya mdomo kwa kuwa pembe nyingine ilikuwa imeshika pini, naye akanieleza kwamba ni mdadisi na kwamba amekuja kutaka kujua jinsi sera za biashara na viwanda zinavyoigusa kaya yangu. Nimeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo sera zimenigusa mara nyingi na mahali pengi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu ametumwa kuja kuniuliza ziligusa wapi na kama paliuma.

Swali la kwanza lilinivunja nguvu. Aliuliza ni nani katika kaya yangu aliyefanya kazi ya kipato kwa angalau saa moja katika siku saba zilizopita, kwa sababu, alivyonieleza kwa upole, kipimo cha kimataifa humhesabu mtu wa namna hiyo kuwa yumo kazini. Sasa, shemeji yangu amekaa sebuleni kwangu tangu mwezi wa tatu akitazama tamthilia za Kituruki, lakini wiki hiyo alikuwa amesaidia kushusha belo la dada yake kutoka kwenye guta, akalipwa elfu mbili, na kazi hiyo aliivuta kwa makusudi hadi ikazidi saa moja. Kwa hiyo mimi ninayekanyaga cherehani kuanzia alfajiri, na yeye anayejua majina ya wakwe wote wa Istanbul, tumeandikwa sawasawa. Niliuliza kama kuna sehemu ya kuandika maoni ya mwenye nyumba, nikaambiwa haipo.

Baada ya hapo tukafika kwenye mitumba, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoharibika, kwa sababu nyumba yetu ina pande mbili katika suala hilo. Mimi ni fundi wa kushona nguo mpya. Mke wangu anauza mitumba Karume. Tunalala kitanda kimoja, lakini kila mwezi wa sita, waziri anaposimama kule Dodoma kusoma bajeti, tunasikiliza redio mbili tofauti.

Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuazimia kwamba mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua hadi itoweke, ili viwanda vya nguo vya kanda hii vipate kupumua. Katika bajeti ya mwaka huo ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi senti 40, au asilimia 35 ya thamani, ikichukuliwa ile iliyo kubwa. Belo la kilo 45 ambalo lilitozwa dola 9 likawa halipiti bandarini kwa chini ya dola 18. Mimi siku hiyo nilishangilia kama aliyeshinda bahati nasibu. Nilifanya tathmini yangu ya athari za kiuchumi kwa muda wa dakika mbili, nikiwa nimesimama: mitumba ikiondoka watu hawatatembea uchi, na wasipotembea uchi watakuja kushona, na wakija kushona fundi aliye karibu ni mimi. Nikaenda nikaagiza kibao kipya chenye maandishi ya njano, SUTI, SARE NA MAGAUNI, ambacho mchoraji wake ananidai mpaka leo.

Kosa la tathmini ile nililigundua miezi michache baadaye, nilipolifungua daftari langu la kazi ili nihesabu utajiri. Katika kila kazi kumi nilizozifanya, saba zilikuwa za kupunguza, kubana, kukata pindo na kubadilisha zipu za mitumba. Ninyi mnaoishi huku mnajua: suruali inayotoka Ulaya huja na kiuno cha mtu aliyekula siagi maisha yake yote, na lazima ipite kwa fundi kabla haijapita kwenye makalio ya kijana wa Kinondoni. Kumbe adui niliyemshangilia kuanguka ndiye aliyekuwa akinilipia pango la fremu.

Nilipomweleza jambo hili kijana anayepanga chumba cha mwisho uani kwetu, ambaye alisomea uchumi pale Mlimani na kwa sasa anafanya kazi ya muda ya kusahihisha takwimu za watu wengine, alifurahi mno kana kwamba nimemzawadia kuku. "Mzee, wewe umegundua mwenyewe jedwali la Leontief," akaniambia. Wassily Leontief, akaeleza, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973 kwa kubuni njia ya kupanga shughuli zote za nchi katika mistari na safu, ili ionekane nani ananunua nini kwa nani, na ukimgusa mmoja nani mwingine anayumba. Nikachukua karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo, nikachora kwa chaki: mimi, mke wangu, mama ntilie, mwenye guta, muuza uzi wa Kariakoo na mwenye fremu. Tukajaza safu moja baada ya nyingine. Ilidhihirika kwamba pesa ya mitumba inapita kwa kila mmoja aliyeandikwa pale, ila pesa ya suti na magauni inapita kwa muuza uzi peke yake, tena mwezi wa Desemba. Ile karatasi bado ninayo. Baadaye niliikatia kola.

Kijana huyo ndiye aliyenifundisha neno "unyumbufu." Wachumi wa serikali, kabla hawajapandisha ushuru, hutakiwa kukisia kwamba bei ikipanda kwa kiasi fulani wateja watapungua kwa kiasi gani, na kisio hilo ndilo linaloamua kama hazina itapata au itakosa. Nilimwambia hilo sisi tunaliita lastiki, na ninaliuza kwa mita. Kuna nguo zenye lastiki kali, ukivuta kidogo inakatika, na kuna zenye lastiki legevu, unavuta mpaka unachoka. Mnunuzi wa shati jipya ni lastiki kali. Tuchukulie shati la nje la 20,000 limetozwa asilimia 35 likafika 27,000. Kwenye makaratasi mimi nimelindwa, naweza kuuza langu kwa 27,000 vilevile. Lakini kitambaa, uzi na vifungo vilivyonigharimu 12,000 navyo vikitozwa asilimia 35 vinafika 16,200, kwa hiyo jasho langu linatoka 8,000 na kufika 10,800 tu, si ile nyongeza ya 7,000 niliyoishangilia. Na hiyo ni iwapo mteja ataikubali 27,000. Mteja wangu huigusa kola, husema "nitapita jioni," na jioni ya maneno yake haijawahi kufika.

Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kulikuwa na madaraja matatu, asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa vitu vya kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na mwezi Julai 2022 likaongezwa la nne la asilimia 35. Mpango mzuri sana, ila sijui kitambaa changu kikae wapi: kwa mwenye kiwanda cha kufuma ndicho bidhaa iliyokamilika na anastahili kulindwa, kwangu mimi ndiyo malighafi na ninastahili kuhurumiwa, nacho ni kitambaa kilekile.

Kilichonikera zaidi katika elimu hiyo ya uani ni ule usemi wao wa "mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo." Nilimuuliza ni Dar es Salaam ipi hiyo ambayo mambo mengine hubaki kama yalivyo. Akacheka, akasema tatizo ni zito kuliko ninavyodhani, kwa sababu mtathmini makini halinganishi jana na leo. Anatakiwa alinganishe leo hii na leo nyingine ambayo ingekuwapo kama sera isingekuja. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mke wangu ni bingwa wa hesabu hiyo: tangu mwaka 1998 ananieleza maisha ambayo angekuwa nayo kama angeolewa na yule mwenye lori wa Tandika. Kijana akasema ili kuthibitisha dai kama hilo unahitaji kumtafuta mtu anayefanana naye ambaye sera ilimpata. Tunaye. Dada yake aliolewa na mwenye lori, na lori likapinduka Kitonga. Niliwahi kuwasilisha takwimu hizo chakula cha usiku, na nililala sebuleni pamoja na wakwe wa Istanbul.

Kulinganisha kwa namna hiyo kulifanyika pia kule Marekani, katika kisa ambacho kijana alinisimulia nikakipenda. Mwaka 2018 serikali yao ilitoza ushuru mashine za kufulia zinazotoka nje, ili viwanda vya ndani viajiri. Wachumi watatu wakafuatilia bei wakilinganisha na vyombo vingine vya nyumbani. Walikuta mashine za kufulia zimepanda kwa takriban asilimia 12, lakini kioja ni kwamba mashine za kukaushia, ambazo hazikuguswa na ushuru wowote, nazo zilipanda kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu watu huzinunua kwa jozi na muuzaji alijua pa kuificha nyongeza. Kazi mpya zilikuwa kama 1,800, na wanunuzi walilipa ziada ya takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka, hivyo hata baada ya kutoa ushuru ulioingia hazina, kila kazi moja iliwagharimu kama dola 815,000. Kwa shilingi zetu ni karibu bilioni mbili. Ningepewa mimi bilioni mbili ili niwe na kazi, ningeacha kazi.

Nilicheka mpaka nikakumbuka jambo, nikanyamaza. Belo lilipopanda bei mwaka ule, mimi nami nilipandisha bei ya kupunguza suruali kutoka 1,500 hadi 2,000, wakati mkasi wangu haukutozwa ushuru na sindano zangu zilikuwa zilezile. Nilimwambia kila mteja kwamba hali imebadilika. Mashine ya kukaushia ya Mwananyamala nilikuwa mimi.

Mambo yale yaliishaje, wengi mnakumbuka. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko mwaka 2017, wakaanza kuhesabu kazi za kwao zitakazopotea, na serikali yao ikauliza kama nchi zetu bado zinastahili kuuza nguo kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilikuwa imejitoa mapema. Sisi na Uganda tukalegeza, na Rwanda, iliyokuwa imepandisha hadi dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo mwezi Julai 2018. Mke wangu alifuatilia suala lile kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga. Tathmini yangu ya dakika mbili haikuwa na safu ya mtu wa mbali atakayekasirika, na kwa mujibu wa kijana, si yangu peke yangu iliyowahi kukosa safu hiyo.

Nirudi kwa binti wa kishikwambi, maana alikuwa bado amesimama akisubiri swali la mwisho lijibiwe: je, ushuru wa mitumba umeiathiri kaya yako vizuri, vibaya, au haujaiathiri? Chagua jibu moja. Nikamwambia, "Binti yangu, andika vizuri, kwa kuwa mimi ni fundi." Wakati huohuo mke wangu akaingia kutoka Karume na kiroba kichwani, akasikia, akasema kabla hajakitua, "Vibaya sana, tena umwandikie kwa herufi kubwa, huyu anakula mitumba asubuhi, mchana na usiku." Nikasema mkuu wa kaya ni mimi. Akasema, "Baba Neema, pango la mwezi uliopita alilipa nani?" Binti akaeleza kwa adabu kwamba mashine inakubali jibu moja kwa kaya moja. Akatutazama, akatazama saa, akabonyeza. Nilichungulia: "haujaiathiri."

Alipomaliza hakuondoka. Alifungua mkoba, akatoa suruali ya jinzi ya mtumba, nzuri, kiuno cha watu wawili, akaniuliza kupunguza ni bei gani. Dakika kumi nyuma, kwenye kipengele cha mapato, nilikuwa nimemtajia kwamba kazi hiyo huniingizia 1,000, kwa sababu mtu hajui taarifa zinakwenda kwa nani. Mke wangu, ambaye hakuwapo wakati huo, alimjibu kwa sauti ya sokoni akiwa anafungua kiroba, "Elfu tatu, dada, na akikuambia pungufu ujue anakudanganya."