Semina za likizo: baada ya cheti, nani anafika darasani?

Wapo wanaotaka walimu wa Kenya wapewe mafunzo ya lazima wakati wa likizo. Agosti ya mwaka wa namba shufwa, ukimwita mwalimu wa Kimilili au Webuye, huko Bungoma, kwenye semina ya siku tano, jua unashindana na jando. Wabukusu hutahiri kila baada ya miaka miwili, mwezi huo huo wa likizo, na baba hawezi kumwambia mwanawe asubiri kwanza cheti cha mzee kitoke. Kakamega na Vihiga wako kwenye mavuno. Aprili ni palizi, na Desemba wapo wanaosahihisha KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Likizo ya mwalimu wa magharibi ina wenyewe kabla Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, haijaigusa.

Hata hivyo, nani atakayependekeza walimu waitwe Juni? Mwalimu akitoka katikati ya muhula, watoto sitini hubaki wakinakili ubao uliokwisha kunakiliwa. Wanaotetea kozi za likizo wana haki hapo, tena wana sheria: kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinamtaka mwalimu ajiendeleze kitaaluma. Na haja ipo. Aliyetoka chuoni na Biolojia na Jiografia za 8-4-4, mfumo wa elimu wa zamani, leo anaweza kukabidhiwa Sayansi Jumuishi ya gredi ya tisa, yenye Fizikia ambayo mwenyewe aliiacha kidato cha pili kwa furaha.

Ugomvi ulichacha Septemba 2021, TSC ilipozindua TPD, mpango wa kumwendeleza mwalimu kitaaluma: moduli sita, kila moja hadi miaka mitano, jumla miaka 30, na ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Waliopewa kufundisha ni vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, pamoja na KEMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi wa elimu. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vikagoma kumeza. Mwaka uliofuata mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ulifika bei hiyo hiyo, kwa hiyo kwa mwalimu mwenye shamba hesabu haikuhitaji kalamu.

Watetezi walijibu kwamba wauguzi na mawakili hujilipia kozi zao. Ni kweli, na jibu la kwamba mwalimu ni maskini zaidi halinitoshi, maana muuguzi wa kaunti naye hajioni tajiri. Tofauti ninayoiona ni kwamba wakili huchagua kozi inayomfaa na tarehe inayomfaa, ilhali mwalimu alionyeshwa milango minne tu, tena kwa tishio la kupoteza cheti cha kufundishia. Anayelazimisha alipe; hapo niko upande wa vyama.

Lakini naona pesa zilimeza swali kubwa zaidi. Tuseme serikali inalipa kila kitu, hadi chai na mandazi ya saa nne. Mwalimu akirudi darasani, kinabadilika nini?

Magharibi tuna kumbukumbu mbili za kupimia. Ya kwanza ni SMASSE, mradi wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, Kakamega na Kisii zikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Tulikutana likizoni, karibu na nyumbani, tukifundishwa na walimu wenzetu waliojua maabara zetu zilivyo tupu. Nilijifunza kupima asidi kwa maji ya maua mekundu ya hibiski, na sijawahi kufurahia semina kama ile. Kisha muhula wa tatu ukafunguliwa. Muhula wa tatu ni wa watahiniwa. Hibiski zikabaki kwenye daftari. Hakuna aliyekuja kuniuliza zimefikia wapi, nami sikumtafuta.

Ya pili ilianza 2011, mradi wa PRIMR wa kusoma na hesabu katika shule za msingi ulipojaribiwa katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu, ukazaa Tusome iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi, siku chache tu. Kazi ilikuwa baadaye: maafisa wa mtaala, wale tuliozoea kuwaita wakufunzi wa TAC, walifika darasani kwa pikipiki wakiwa na tableti, wakaketi nyuma, wakawasikiliza watoto kadhaa wakisoma mmoja mmoja, kisha wakazungumza na mwalimu. Nauli yao ilirudishwa kwa kadiri ya madarasa waliyoyatembelea kweli. Kusoma kwa watoto kulipanda.

Kuna upande mwingine, nao si mwepesi. Pikipiki zile ziliendeshwa kwa dola za Marekani, na fadhili za namna hiyo hukauka. Afisa mmoja ana shule nyingi, nyingine ng'ambo ya mto usiovukika mvua ikinyesha. Tena mwalimu aliyechoshwa na kujaza fomu za TPAD, za kumtathmini utendaji wake, akimwona mgeni mlangoni mwenye tableti, haoni msaidizi, anaona mkaguzi. Semina ya ukumbini ni rahisi: watu 200, projekta moja ya kurusha picha ukutani, vyeti Ijumaa. Ndiyo maana wapangaji huipenda.

Pamoja na hayo, ningetoa siku tatu katika zile tano, fedha zake zikawe mafuta ya pikipiki, na wale wa Kimilili wakarudi jandoni.

Na yupo mmoja ambaye ubishi huu wote humpita kando. Mwalimu wa BOM, anayelipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi, ndiye anayeshika hesabu za gredi ya nane katika shule nyingi za huku. Barua za semina zikija, huandikiwa walimu wenye namba ya TSC na mshahara wa TSC. Yeye hubaki kuwalinda watoto wa masomo ya ziada.