Maji kichwani: tuanze kutibu mtoto akiwa tumboni?

Kwenye meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, nilikaa jirani na mama aliyempakata mtoto wa miezi minne hivi. Upepo ulipofunua kanga aliirudisha upesi kichwani kwa mwanawe, lakini nilishaona: paji limetuna, mishipa imejichora, macho yameelekea chini kama jua linalozama. Walikuwa safarini kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Bibi mmoja akamwuliza taratibu, "Mwanangu, hayo maji hayakuonekana akiwa bado tumboni?"

Yanaonekana. Utrasaundi ya karibu wiki ya 20 hupima upana wa vyumba vya maji ndani ya ubongo. Kuanzia milimita 10 ni dalili. Zikizidi 15 hali ni nzito. Kama ubongo unakandamizwa mapema hivyo, kungoja mtoto azaliwe kunaonekana ni uzembe.

Wamarekani walifikiri hivyohivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipenyeza mrija mwembamba kupitia tumbo la mama hadi kichwani kwa mtoto, maji yakawa yanamwagikia kwenye chupa ya uzazi. Ripoti ya 1986 ilikusanya watoto 41 waliotibiwa tumboni: 34 waliishi, na kati yao 12 tu ndio waliokua kawaida. Wengi walikuwa na kasoro nyingine za ubongo ambazo kupunguza maji hakuzigusi. Kazi ile ikaachwa.

Hoja ilifufuka mwaka 2011, kwa mlango mwingine. Jaribio la Marekani lilionyesha kwamba mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga, kasoro ambayo mara nyingi huleta maji kichwani, akishonwa tumboni kabla ya wiki ya 26, uwezekano wa kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani ndani ya mwaka wa kwanza hushuka kutoka asilimia 82 hadi 40. Hiyo si tofauti ndogo, hasa kwa mzazi wa kisiwani, maana mpira huziba, na ukiziba saa ni chache. Anayetaka upasuaji huo uletwe Kanda ya Ziwa hasemi upuuzi.

Nasita kwa sababu ya mama. Katika jaribio lile karibu watoto wanane kati ya kumi waliopasuliwa tumboni walizaliwa kabla ya wiki ya 37. Na kizazi kikishapasuliwa namna ile, kila mimba inayofuata lazima mama ajifungue kwa upasuaji, kabla uchungu haujaanza. Sasa mweke mama huyo kisiwa cha Irugwa, mimba ya nne, uchungu umeanza saa nane usiku na ziwa limechafuka. Kovu lililomsaidia mtoto wa kwanza linaweza kumwua yeye.

Halafu wengi hata hawangefikiwa. Hospitali ya watoto ya Mbale, Uganda, iligundua kuwa zaidi ya nusu ya watoto wake wenye maji kichwani waliyapata baada ya kuzaliwa, kutokana na maambukizi ya siku na wiki za mwanzo. Hapo kisu cha tumboni hakina kazi. Mbale ndiko daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alikoendeleza njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera na kuchoma tishu inayotengeneza maji, ili mtoto asitegemee mpira.

Kinga ya mgongo wazi nayo ina muda wake: mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, mama akiwa hajajua ana mimba. Vidonge vya foliki asidi anavyopewa kliniki mwezi wa tano wa mimba vimechelewa kwa kazi hiyo. Viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza kirutubisho hicho kwenye unga, ila ugali wetu mwingi hutoka mashine ya kusaga ya mtaani.

Utrasaundi ya mapema naiunga mkono kwa moyo wote, mradi jibu lije na mpango: ajifungulie wapi, nani atampokea mtoto, nauli itatoka wapi. Mama wa kwenye meli alimjibu bibi kwamba kipimo alifanya. Aliambiwa "kichwa kikubwa kidogo", akarudi nyumbani na karatasi.