Tapeli akikabidhiwa benki

Riwaya ya Making Money ya Mwingereza Terry Pratchett ilitoka mwaka 2007, nayo inachekesha kuhusu jambo ambalo wengi hatulifikirii: noti ina thamani gani kama nyuma yake hakuna kitu? Ankh-Morpork, mji wa kubuni, unaamini dhahabu tu. Mtawala wake, Vetinari, anamsukumia benki Moist von Lipwig, tapeli aliyeponea kitanzini na sasa anaendesha posta. Bibi kizee mwenye hisa nyingi anafariki, hisa anamwachia mbwa wake, na kumtunza mbwa anamwachia Moist. Ndiyo, mwenyekiti wa benki ni mbwa, na si mbaya kuliko ndugu wa marehemu.

Moist anataka kuchapa noti zisizotegemea dhahabu, akishikilia kwamba dhahabu haina kazi. Ukiwa kisiwani na njaa, utakula kiazi, dhahabu utaitazama. Pesa inapewa nguvu na mji wenyewe, mafundi wake na biashara zake. Ushahidi anao: stempu za posta yake watu wameshaanza kulipana nazo.

Hapo simpingi, maana mambo hayo tumeyaona. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya, mwaka huohuo wa 2007, watu Uganda na kwingineko walishatumiana pesa kwa vocha za simu. Aliye mjini ananunua vocha, anaikwangua, anampigia mwenye kibanda kijijini na kumsomea namba. Yule anajiwekea salio, anakata chake, kinachobaki anampa mama taslimu. Hakuna benki kuu iliyokuwa imetangaza kwamba vocha ni pesa.

Upande wa pili yuko Bent, keshia mkuu asiyekosea hesabu na anayeiabudu dhahabu. Pratchett anamfanya kichekesho, na naona anamwonea. Anayechapa noti leo, kesho atazuiwa na nini asichape nyingine? Johan Palmstruch, mwenye benki nchini Uswidi, alitoa noti Stockholm mwaka 1661, za kwanza Ulaya. Zikazidi fedha iliyokuwamo hazinani, na kufikia 1668 benki ilikuwa imekwisha, mwenyewe amehukumiwa kifo, adhabu iliyopunguzwa baadaye. John Law, mwanabenki Mskoti, anafanana na Moist kabisa: alihukumiwa kifo London kwa kumuua mtu kwenye pambano la upanga, akatoroka, akafungua benki Paris mwaka 1716. Mwaka 1720 noti zake zikaporomoka. Hata M-Pesa inampa Bent haki kidogo, kwa kuwa kila shilingi iliyomo kwenye simu ina mwenzake kwenye akaunti ya amana benki, na wakala aliyeishiwa taslimu hakutolei kitu hata ukimwonyesha salio lako.

Kisha dhahabu ya Ankh-Morpork inagundulika haipo. Ukoo wa wenye benki uliiuza zamani. Kwa hoja ya Bent hili ni pigo, kwani mji ulikuwa ukitegemea hazina tupu na biashara haikusimama hata siku moja. Ningependa Pratchett angeishia hapo. Badala yake analeta golemu 4,000, majitu yasiyochoka yaliyofukuliwa kutoka mji wa kale, na noti zinategemezwa kwao. Mtetezi wake atasema golemu ni nguvu kazi, na kazi inazalisha. Nakubali nusu. Wengi wao wanafukiwa ardhini ili wasiwanyang'anye watu ajira, na golemu aliyefukiwa anafanya kazi ileile ya dhahabu iliyofungiwa.

Ila kinachonisumbua zaidi ni Vetinari. Noti za Moist zinasimama kwa sababu dikteta anayemwangalia ana akili na hana tamaa. Zimbabwe ilipotoa noti ya dola trilioni 100 mwaka 2009 haikukosa karatasi wala wachoraji. Ilikosa mtu wa kumwambia mtawala basi, na Ankh-Morpork nako mtu huyo hayupo; ipo tu bahati kwamba Vetinari hapendi pesa.